Treni ya umeme: Mfanyabiashara wa Maretadu anapata nini?

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa vitunguu swaumu wa Maretadu, wilayani Mbulu, hana reli karibu. Reli ya umeme iliyo jirani naye zaidi iko Dodoma, na kufika huko ni kazi ya kutwa nzima ya gari. Hata hivyo, tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tarehe 25 Julai, 2024, swali limekuwa moja kila siku ya mnada: je, mtu wa huku aache basi apande treni, au hayo ni mambo ya wakubwa na watalii?

Wiki hii tunaweka kando bei za gunia, tunazungumzia nauli na muda. Mwandishi wa safu hii, ambaye naye huuza swaumu pale msimu unapomruhusu, amekwenda Dar es Salaam na kurudi kwa treni hiyo. Tunaeleza alichokiona, kisha tunapiga hesabu. Msomaji ataamua mwenyewe.

KISA CHENYEWE

Kwanza tueleze kwa nini safari hii ilifanyika. Msimu uliopita tulikuwa watu watatu tuliochanga mzigo mmoja. Tulipakia kwenye Fuso kilo 4,800 za swaumu iliyokauka vizuri, ikapimwa kwa mizani na siyo kwa macho. Jioni hiyo tulipatana bei kwa simu na dalali wa Ilala. Lori likatangulia. Mimi nikachaguliwa kufuata kwa basi ili niwepo mzigo unaposhushwa.

Lori lilifika usiku. Basi nililopanda mimi liliharibika karibu na Gairo, tukakaa kando ya barabara hadi giza likaingia. Nilipofika Dar es Salaam soko lilikuwa limekwisha. Dalali alinieleza kwamba alisubiri, dereva akawa anadai nafasi yake ya kuondoka, wanunuzi wakubwa wakaanza kutawanyika, naye akauza kwa bei aliyoipata. Bei hiyo ilikuwa pungufu kwa shilingi 400 kwa kilo kuliko tuliyopatana.

Sikuwa na ushahidi wa kumpinga wala wa kumwamini, kwa kuwa sikuwepo. Kilo 4,800 mara shilingi 400 ni shilingi 1,920,000. Kwa watu watatu, kila mmoja alipoteza shilingi 640,000. Mwenzetu mmoja alikuwa ameitengea fedha hiyo ada ya mtoto aliyeko chuoni. Alichoniambia niliporudi ni maneno machache tu: "Kaka, tulikutuma uwe macho yetu." Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka stesheni ya Dodoma msimu huu.

SAFARI ILIVYOKUWA

Niliondoka Maretadu saa 11 alfajiri. Njia ni ya kupitia Dongobesh na Dareda hadi Babati, na sehemu hiyo ndiyo inayokula muda na mbavu. Kutoka Babati mambo hubadilika. Lami ya Babati hadi Dodoma, kupitia Bereku, Kolo na Kondoa, ilikamilika na kuzinduliwa mwaka 2018, na gari hukimbia bila kusita. Kabla ya lami hiyo, mtu wa Mbulu aliyetaja kwenda Dodoma moja kwa moja wakati wa masika alionekana mtani.

Stesheni ya Dodoma ni jengo kubwa lililoumbwa kufanana na majabali ya mji huo. Utaratibu wake unakaribia ule wa uwanja wa ndege. Tiketi ina jina lako, kwa hiyo unahitaji kitambulisho. Mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi. Mlango hufungwa kabla ya muda wa kuondoka, na aliyezoea kulikimbilia basi likiwa limeanza kutembea ajue mapema kwamba hapa hakuna kondakta wa kumvuta mkono. Tiketi hupatikana dirishani au kwa mtandao, na malipo hufanyika kwa simu.

Ndani, kila mtu ana kiti chenye namba. Hakuna anayesimama kwenye ujia, hakuna kuku chini ya kiti. Treni ilipoondoka sikuitambua kwa sauti. Niliitambua kwa kuona nguzo zinarudi nyuma. Mzee aliyekaa mbele yangu aliuliza, "Tumeshaondoka?" Kijana wake akamjibu, "Shikamoo baba, tuko Igandu sasa." Behewa zima likacheka, na yeye mwenyewe akacheka.

Mwendo wa juu wa treni hizi ni kilomita 160 kwa saa, ingawa hauendi hivyo mwanzo hadi mwisho. Baada ya Gulwe reli inaingia milimani, na kuelekea Kilosa yako mahandaki yaliyochimbwa kwenye miamba. Hapo ndipo mfanyabiashara wa makamo hukumbuka mambo. Reli ya zamani hupita bondeni kando ya mto Mkondoa, na mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliizoa vibaya kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Reli mpya imenyanyuliwa kwa madaraja na kupitishwa ndani ya milima.

Morogoro walipanda watu wengi wasio na mabegi. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu alikuwa na mkoba wa mkononi na daftari tu. Nilimwamkia, tukazungumza. Yeye huuza nguo na hufuata bidhaa Kariakoo. Zamani, alisema, safari ya Dar es Salaam ilimlazimu kulala kwa ndugu, na kulala kwa ndugu kuna gharama zake ambazo haziandikwi kwenye daftari. "Siku hizi baba, naenda na kurudi, wanangu wanakula ugali niliosonga mwenyewe." Watumishi na mafundi waliokuwa behewani walikuwa na habari inayofanana na hiyo. Kwa watu wa Morogoro treni hii imeanza kuwa kama daladala ya mbali.

Kutoka hapo ni Ngerengere, Ruvu, Soga na Pugu, kisha treni inapanda daraja refu linalopita juu ya mitaa ya Dar es Salaam hadi katikati ya mji. Stesheni ya huko imejengwa kwa umbo la jiwe la tanzanite, ambalo duniani kote huchimbwa Mirerani tu, kwetu Manyara. Kutoka Dodoma hadi hapo haikufika saa 4. Kwa basi ni saa 8 na zaidi, ukibahatika. Nililala chumba cha bei ndogo, na alfajiri nilikuwa Ilala kabla turubai la lori halijafunguliwa.

UMEME UNAFANYAJE KAZI

Wasomaji wetu wengi wameuliza umeme huo unaingiaje kwenye chombo kinachokimbia. Jibu si gumu. Juu ya reli pana waya wenye nguvu ya volti 25,000. Juu ya paa la kichwa cha treni kuna mkono wa chuma unaojikunja kama kiwiko, nao huteleza chini ya waya huo bila kuuachia. Umeme hushuka kwenye transfoma iliyo ndani ya kichwa, hupunguzwa, kisha huzungusha mota zinazosukuma magurudumu. Unarudi ulikotoka kupitia reli yenyewe. Njiani vimejengwa vituo vya kupoza umeme vinavyolisha waya kutoka gridi ya taifa.

Kwa mfanyabiashara, faida iko katika mambo matatu. Kwanza, treni haibebi tangi la mafuta wala injini ya kuyachoma, kwa hiyo nguvu nyingi inakwenda kwenye kuvuta. Pili, inapofunga breki mota hugeuka kuwa jenereta, na sehemu ya umeme huweza kurudishwa kwenye waya. Tatu, dizeli hununuliwa nje kwa dola, ilhali umeme unaweza kuzalishwa hapa nchini. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024, mwaka uleule treni zilipoanza. Wenzetu wa Kenya walitangulia kupata reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, lakini ya kwao ilianza kwa dizeli. Waethiopia ndio waliotangulia kwa umeme, kwa reli ya Addis Ababa hadi Djibouti iliyozinduliwa mwaka 2016.

Hasara nayo ipo. Basi likiharibika, jingine hupita. Waya ukikosa umeme, kila kilicho chini yake husimama. Katika siku za mwanzo za huduma, mwaka 2024, treni zilichelewa kwa hitilafu za umeme, na katika maelezo yaliyotolewa walitajwa hata ngedere na bundi walionasa kwenye miundombinu. Watu walicheka, lakini mwenye mzigo sokoni hachekeshwi na ngedere. Asiyeacha nafasi ya dharura katika ratiba yake anacheza kamari.

HESABU YA SHILINGI

Viwango vilivyotangazwa na LATRA mwaka 2024 kwa daraja la kawaida vilikuwa shilingi 31,000 kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na shilingi 13,000 kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Ni kama shilingi 70 kwa kila kilomita. Treni za haraka na madaraja ya juu hutozwa zaidi. Baadaye mwaka huohuo ziliongezwa treni zenye pua iliyochongoka, ambazo wananchi wamezibatiza jina la Mchongoko.

Basi la kawaida hutoza chini ya hapo. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme treni inakuzidishia shilingi 9,000 juu ya basi, na chumba cha kulala Dar es Salaam ni shilingi 20,000. Jumla ni shilingi 29,000 za ziada.

Mwenye kilo 4,800 akigawa shilingi 29,000 kwa mzigo wake, anapata kama shilingi 6 kwa kilo. Maana yake ni kwamba, kuwepo kwake sokoni kukimwongezea hata shilingi 10 tu kwa kilo, treni imejilipa na chenji imebaki. Msimu huu nilipokuwa mbele ya mizani, dalali yuleyule alianza na bei ya chini, tukavutana, mnunuzi wa pili akatokea, na tukauza kwa bei tuliyopatana kwenye simu. Sikumshinda kwa maneno. Nilimshinda kwa kuwepo.

Sasa mchukue mwenye magunia matatu, tuseme kilo 240. Shilingi 29,000 zilezile kwake ni kama shilingi 121 kwa kilo. Huyu, akipanda treni peke yake kuufuata mzigo huo, anaweza kurudi nyumbani akiwa ametajirisha safari na kujifilisi mwenyewe. Dawa yake ni kuchanga. Watu kumi wenye magunia matatu kila mmoja wana kilo 2,400, na gharama inashuka hadi shilingi 12 kwa kilo. Wamchague mmoja, wamwandikie barua ya kumpa mamlaka, wamlipie tiketi, na wakubaliane mapema bei ambayo chini yake haruhusiwi kuuza kabla ya kupiga simu. Aidha, wajaze magunia kwa kipimo cha halali. Lumbesa humpunja mkulima, na haimpi mwakilishi nguvu yoyote mbele ya mizani.

Wakati wa masika ongeza jambo moja. Barabara ya kutoka Maretadu hadi Babati haina ahadi. Ukichelewa treni, tiketi haina huruma. Afadhali uondoke siku moja kabla ulale Dodoma. Tukiweka shilingi 20,000 nyingine za chumba, gharama ya ziada inakuwa shilingi 49,000. Kwa kilo 4,800 ni kama shilingi 10 kwa kilo. Bado inafaa kwa mzigo mkubwa, lakini mwenye mzigo mdogo anasukumwa mbali zaidi.

MZIGO WENYEWE JE?

Hapa ndipo tunapoomba msomaji asidanganyike. Treni ya abiria inambeba mwenye mali, haiibebi mali. Gunia la swaumu bado linakwenda kwa lori, na bei ya lori haijapungua kwa sababu wewe umekaa kwenye kiti kizuri.

Huduma ya mizigo kwenye reli ya umeme ilizinduliwa Julai 2025, sambamba na bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani. Lengo lake la kwanza ni makontena ya bandarini, ili yasongamane kidogo Dar es Salaam. Kontena moja la futi 20 hubeba zaidi ya tani 20, kiasi ambacho hakuna mkulima mmoja wa Maretadu anacho. Kikundi cha vijiji kadhaa kinaweza kukipata. Lakini kontena lililofungwa lisilo na hewa hupika swaumu. Anayepanga kutumia njia hiyo aulize kwanza habari ya matundu ya hewa, aulize mzigo utalala wapi kabla ya kupakiwa, na aulize gharama ya lori mbili: ile ya kwenda kupakia Dodoma na ile ya kutoka stesheni hadi sokoni. Mara nyingi lori hizo mbili ndizo zinazomeza nafuu yote ya reli.

Kuna njia nyingine ambayo tumeifikiria tukiwa njiani kurudi, nayo ni kuigeuza safari. Treni inakwenda pande zote mbili. Mnunuzi wa Dar es Salaam anayeweza kupanda asubuhi, akafika Dodoma, akakagua mali, akalipa na kurudi mjini kwake siku ileile, hana sababu ya kumtegemea dalali kwa kila kitu. Dodoma ni kukavu, na ukavu ni rafiki wa swaumu. Soko Kuu la Job Ndugai lililoko Nzuguni tayari linakusanya wauzaji na wanunuzi wa mazao. Wafanyabiashara wa Mbulu wakikodi ghala moja kwa pamoja Dodoma, wakaweka mizani ya halali na mtu wao wa kuaminika, watakuwa wamelisogeza soko karibu na nyumbani kwa zaidi ya kilomita 400. Hatusemi ni rahisi. Ghala ni kodi, na mtu wa kuaminika haokotwi barabarani. Lakini kabla ya treni wazo hilo lisingezungumzika.

KWA MWEKEZAJI MDOGO

Wasomaji wetu wenye akiba kidogo wameuliza kama wanaweza kununua hisa za treni. Shirika la Reli Tanzania, TRC, ni shirika la umma chini ya sheria ya mwaka 2017. Reli hii imejengwa kwa fedha za serikali na mikopo mikubwa, ukiwemo ule wa dola za Marekani bilioni 1.46 uliopangwa na benki ya Standard Chartered mwaka 2020. Kwa maneno mengine, mlipa kodi wa Maretadu ni mwenye reli tayari, apande asipande. Akija mtu kijijini na fomu za "hisa za SGR", usitoe hata shilingi kabla ya kumuuliza dalali aliyesajiliwa wa Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Anayependa kuikopesha serikali kwa riba ana njia ya hatifungani zinazouzwa na Benki Kuu. Faida ya hatifungani hizo haitegemei kama treni imejaa au ni tupu, na hilo kwa mtu mwenye akiba ya shida ni jambo jema.

Fedha nyingine iko pembeni ya reli: vyumba vya kulala wageni, chakula, bajaji, maghala. Tahadhari yetu ni moja. Viwanja karibu na stesheni huuzwa kwa bei ya kesho na hulipwa kwa fedha ya leo. Kabla ya kununua, simama pale treni inaposhusha, uhesabu wangapi wanabaki mtaani na wangapi wanapanda gari na kuondoka.

KAULI YETU

Kwa mfanyabiashara wa Maretadu mwenye mzigo mkubwa, au kikundi kilichochanga, treni ya umeme inafaa. Inauza kitu kimoja ambacho basi halikuweza kutuuzia kwa uhakika, nacho ni kufika kabla ya soko kufunguliwa. Kwa mwenye magunia mawili matatu asiye na wenzake, basi bado ni basi, au abaki auze mnadani.

Kipande kigumu cha safari hakiko kati ya Dodoma na Dar es Salaam tena. Kiko kati ya mlango wa ghala letu na lami ya Babati. Kwenye kipande hicho hakuna waya wala mkono wa chuma, kuna matope na jembe. Wanaokutana na madiwani wao wiki hii wana jambo la kuuliza.

Yule mwenzetu mwenye mtoto chuoni amelipwa fungu lake la msimu huu, shilingi kwa shilingi, pamoja na risiti ya mizani. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaniuliza safari ijayo ni lini.

Wiki ijayo tutarudi kwenye bei za gunia kama kawaida.